Kompyuta Mpya na Ugonjwa wa Viungo

Jalada la jarida la Popular Electronics la Januari 1975 lilikuwa na picha ya kasha lenye safu za swichi na vitaa, pamoja na habari kwamba kompyuta sasa inaweza kukaa nyumbani kwa mtu. Jina lake Altair 8800. Wasomaji hawakuambiwa kwamba kasha lile lilikuwa tupu. Mashine halisi, iliyokuwa moja tu, ilitumwa New York kutoka Albuquerque, jimboni New Mexico, kwa kampuni ya kusafirisha mizigo, ikapotelea njiani. Jarida nalo lilikuwa na tarehe yake ya kwenda mtamboni. Ed Roberts na wenzake wa MITS, kampuni iliyoibuni Altair, wakaunda kasha jingine harakaharaka, wakapachika swichi na taa kwa mbele, ndani hamna kitu, likapigwa picha likaenda.

Ndivyo Altair ilivyotokea hadharani kwa mara ya kwanza: haiwaki. Wengi wa walioinunua nao walianzia hapo hapo.

Kwa dola 397 mtu aliletewa mzigo wa vipuri: bodi tupu, mifuko ya rezista na kapasita, transfoma, prosesa ya Intel 8080, kumbukumbu ya baiti 256 na maelekezo ya kuunga. Baiti 256 ni pungufu ya herufi zilizomo kwenye aya hii. Kilichobaki ni pasi ya kulehemu na subira. Kila kadi ilichomekwa kwenye soketi yenye miguu 100, na miguu hiyo ililehemewa mmoja mmoja, jikoni au gereji, na mtu ambaye kesho yake ana kazi ya mwajiri. Soketi nne ni miguu 400. Tone la risasi likigusa miguu miwili, ni shoti. Tone jingine lisipopata moto wa kutosha linakaa juu juu, kwa haraka linaonekana zima tu, na mguu wake unagusa leo na kuachia kesho.

Halafu hakuna skrini, hakuna kibodi. Mwenye mashine alipandisha na kushusha swichi za mbele kuandika namba, biti kwa biti, akabonyeza swichi ya kuiweka, kisha akabonyeza nyingine ya kuchungulia alichoweka. Vitaa vyekundu vilimjibu. Akiweka tatu mashine ikamrudishia saba, ameshajua kwamba biti ya tatu imekwama juu, na kwamba kwa laini hiyo kuna kiungo kinachogusa kisichostahili kukigusa. Basi anageuza bodi, anawasha taa ya mezani, anaufuata ule mstari wa shaba kwa jicho mpaka alikolehemu juzi usiku akiwa na usingizi.

Kampuni ya Heath ya Benton Harbor, Michigan, ilikuwa imeuza vifurushi vya kujiungia redio na televisheni kwa miaka mingi kabla ya kutoa kompyuta yake ya H8 mwaka 1977. Iliwajua wateja wake kama mganga anavyowajua wagonjwa wa mtaa wake. Miongozo yake ilisema wazi kwamba karibu asilimia 90 ya mashine zinazorudishwa kwa matengenezo zina tatizo la viungo na kulehemu. Si chipu mbovu, si transfoma iliyoungua. Enzi ya kulehemu nyumbani ilipita, lakini ugonjwa wenyewe haukupita nayo. Ulihama tu, kutoka kiungo hiki kwenda kile.

Walioshikwa na kichaa cha Altair walikutana kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1975 kwenye gereji ya Gordon French, Menlo Park, California. Kundi hilo likaitwa Homebrew Computer Club. Katika kikao cha Aprili, mwanachama mmoja, Steve Dompier, alikuja na Altair yake na redio ndogo. Alikuwa amegundua bila kukusudia kwamba mashine ikifanya kazi karibu na redio, mawimbi yake yanaingilia redio na kutoa sauti, na kwamba sauti hiyo hubadilika kufuata programu inayoendeshwa. Akakaa kuingiza programu kwa swichi, namba baada ya namba. Mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme, kila kitu kikafutika. Akaanza upya. Alipomaliza, redio ikaimba wimbo wa Beatles. Watu wanaisimulia habari hiyo kama mwanzo wa muziki wa kompyuta za nyumbani, na ni kweli. Lakini yule aliyejikwaa kwenye waya naye ana nafasi yake katika historia.

Kiungo kilicholeta makubwa zaidi kilikuwa cha kumbukumbu. Kadi za kilobaiti 4 za MITS zilikuwa hazitabiriki, na bila kadi hizo programu ya lugha ya BASIC ya Bill Gates na Paul Allen haikuwa na pa kukaa. MITS iliuza BASIC kwa bei nafuu kwa anayechukua na kadi zake. Bob Marsh wa Processor Technology alianza kuuza kadi za kwake zilizofanya kazi bila kusumbua, na wateja wakafanya hesabu rahisi: kadi kwa Marsh, BASIC kwa rafiki aliyekwisha nakili. Februari 1976 Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akiwalaumu kwa wizi wa programu. Barua hiyo inatajwa katika kila mjadala wa hakimiliki za programu. Ile kadi ya kumbukumbu isiyoaminika hutajwa mara chache.

Mwaka huo huo Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop huko Mountain View, aliagiza Apple I 50 kwa dola 500 kila moja, kwa sharti kwamba bodi zije zimeshaungwa. Alikuwa muuza duka, alijua nini humrudia. Steve Wozniak na Steve Jobs wakaleta bodi zilizolehemewa tayari, ila hazina kasha, hazina kibodi, hazina pawa saplai. Mnunuzi aliondolewa miguu ya chipu, akaachiwa waya.

Uingereza ilipata toleo lake la maradhi haya mwaka 1981, kwa jina la ZX81. Kampuni ya Clive Sinclair ya Cambridge iliiuza kwa pauni 49.95 kwa anayejiungia na pauni 69.95 iliyo tayari. Ilikuwa na kilobaiti moja tu ya kumbukumbu, kwa hiyo wengi walinunua na kijisanduku cha kilobaiti 16 kilichochomekwa nyuma. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Kijisanduku kile kilining'inia kwenye ukingo wa bodi bila skrubu wala ndoano ya kukishika. Kibodi ya ZX81 ilikuwa kipande cha plastiki bapa chenye herufi zilizochorwa, kinachotaka kubonyezwa kwa nguvu. Kila mbonyezo ulitikisa mashine nzima, mashine ikatikisa kijisanduku, kijisanduku kikaachia kwa nukta moja. Nukta moja ilitosha. Mtoto aliyekaa tangu baada ya chakula cha mchana akinakili mchezo kutoka gazetini, mistari mia mbili na ushei, aliiona skrini ikivurugika kisha ikawa nyeupe.

Tiba zake zilikuwa za kienyeji. Wengine walikibana kwa gundi laini ya kubandikia mabango ukutani, wengine kwa utepe au mpira, wengine walipigilia mashine yote juu ya ubao. Hakuna aliyehitaji kipimo cha umeme kujua nini kimetokea. Nchi nzima ilikuwa na kizazi kilichojifunza kuandika programu huku mkono mmoja ukiogopa kugusa meza.

Apple III, iliyotangazwa 1980, ilikuwa na ugonjwa huo huo kwa njia ya moto. Haikuwa na feni. Chipu zilipata joto, zikatanuka na kusinyaa, zikajinyanyua kwenye soketi zake kidogo kidogo. Ushauri uliotolewa kwa wateja ni mojawapo ya maelekezo ya kiufundi ninayoyapenda kuliko yote: inyanyue kompyuta inchi chache juu ya meza, iachie idondoke. Mara nyingi ilipona.

Huku kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Tanzania ilikuwa na kompyuta ya serikali tangu 1965, Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974, yaani mwaka uliotangulia lile jalada la Altair, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Masharti hayo yalilegezwa taratibu baadaye. Fundi wa Dar es Salaam alipokuja kuishika kompyuta ya mezani, enzi ya miguu 100 ilikuwa imeshapita. Yeye aliikuta mashine iliyokwisha kujifunza kulia.

Kilio hicho kilitoka Boca Raton, Florida. IBM ilipotangaza kompyuta yake binafsi tarehe 12 Agosti 1981, ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi ya kuiwasha mashine, kulikuwa na programu fupi iliyoikagua mashine kila inapowashwa, kabla ya kazi nyingine yoyote. Ikiona kila kitu kizima, spika ndogo ilitoa mlio mmoja mfupi. Ikiona kasoro, skrini ilitoa namba: 201 kwa kumbukumbu, 301 kwa kibodi, 601 kwa kiendeshi cha disketi. Na ikiwa kadi ya picha yenyewe ndiyo mgonjwa, skrini ina faida gani? Ilibaki spika. Ndiyo maana mafundi wa miaka ya 80 na 90 walijifunza kusikiliza. Waigaji wa IBM walipotengeneza BIOS zao, kila mmoja alikuja na lugha yake: kwa AMI milio minane ilimaanisha tatizo la kadi ya picha, kwa Award mlio mrefu mmoja na mifupi miwili ilimaanisha kitu hicho hicho. Fundi aliyetoka mashine moja kwenda nyingine alikuwa kama mtu aliyevuka mpaka wa kabila.

Kwa waliotaka jibu la kina zaidi kulikuwa na kadi ya uchunguzi, inayochomekwa kwenye nafasi iliyo wazi. BIOS, kila ikianza hatua mpya ya ukaguzi, hutuma namba kwenye mlango wa 80 hekzadesimali, na kadi ile huionyesha kwa tarakimu mbili nyekundu. Mashine ikikwama, tarakimu nazo zinakwama. Fundi anafungua jedwali, anatazama ilikofia.

Busara ya kujikagua ilikuwa na mipaka yake ya kuchekesha. Mashine nyingi zilizoiga IBM zilipokosa kibodi ziliandika kwenye skrini kwamba kibodi haionekani, kisha zikamtaka mwenye nayo abonyeze F1 ili kuendelea.

Miaka hiyo kuunga kompyuta nyumbani kulianza kuwa kazi ya bisibisi badala ya pasi ya kulehemu. Mtu alinunua ubao mama huku, kasha kule, kadi kwa wa tatu. Viungo vikapungua idadi vikaongezeka hatari. Pawa saplai za muundo wa AT zilileta umeme kwenye ubao mama kwa plagi mbili, P8 na P9, zilizofanana kama mapacha na zilizochomekwa sambamba. Zingeweza kubadilishana nafasi bila kupingwa na chochote. Aliyekosea alipeleka volti pasipostahili, na ubao mama mpya ukatoa harufu ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Kinga ilikuwa kanuni ya kukariri: waya nyeusi za plagi hii zikae karibu na nyeusi za plagi ile, katikati. Mwaka 1995 Intel ilileta muundo wa ATX wenye plagi moja ya pini 20 inayoingia upande mmoja tu, kanuni ile ikastaafu.

Kulikuwa na viungo vingine visivyoonekana kwa macho. Kila kadi iliomba usikivu wa prosesa kupitia laini yake, na laini zilikuwa 16 tu, nyingi zimeshachukuliwa. Kadi ya sauti ya Sound Blaster, iliyotolewa 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore, hapo mwanzo ilitoka kiwandani ikiwa imepangiwa laini ya 7, ambayo kwa kawaida ni ya printa. Ukiweka kadi mbili kwenye laini moja, mara mchezo unaganda, mara spika inarudia neno moja kama santuri iliyokwaruzwa. Mtu akiitoa kadi hii, ile inafanya kazi. Akiitoa ile, hii inafanya kazi. Dukani nako zote mbili zikipimwa ni nzima. Mchawi hakuwa kadi yoyote kati ya hizo. Mchawi alikuwa ujirani. Dawa ilikuwa kuhamisha vijipande vya plastiki vidogo karibu kama punje ya mchele juu ya pini za kadi, kuwasha, kujaribu, kuzima, kuhamisha tena. Windows 95 ilikuja na ahadi kwamba kadi zitajipanga zenyewe zikichomekwa tu. Watani wakaiita chomeka usali.

Kuna kisa kimoja cha miaka hiyo kinachostahili kukaliwa. Thomas Nicely alikuwa profesa wa hisabati katika Chuo cha Lynchburg, Virginia, akifanya hesabu za namba tasa pacha kwa kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja. Machi 1994 aliongeza mashine mpya yenye prosesa ya Pentium. Juni akaona jumla zake hazilingani na zilivyotakiwa kuwa. Alifanya alichofanya kila fundi mwenye akili: hakuigusa prosesa. Prosesa ndiyo sehemu ya mwisho kushukiwa, kwa sababu tajriba ya miaka 20 ilikuwa imefundisha kwamba kosa ni la mtu, au la programu, au la kiungo. Akakagua programu yake. Akakagua kikusanyaji kilichoigeuza kuwa lugha ya mashine. Akashuku ubao mama, akashuku kumbukumbu. Akaondoa mshukiwa mmoja baada ya mwingine, akajaribu Pentium nyingine kwenye mashine nyingine. Kosa likabaki pale pale: ukigawanya namba fulani fulani, jibu linaharibika baada ya tarakimu chache.

Oktoba akawa na uhakika. Tarehe 30 aliwatumia wenzake barua pepe, na habari ikasambaa. Ndani ya prosesa kulikuwa na jedwali la kusaidia kugawanya, na matundu matano ya jedwali hilo yaliachwa bila namba zilizotakiwa kuwamo. Mtu yeyote angeweza kujipima kwa kugawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Intel kwanza ilisema kosa hilo ni nadra mno kumgusa mtumiaji wa kawaida. Tarehe 20 Desemba ilikubali kumbadilishia kila aliyetaka, na hasara iliyoandika vitabuni ilikuwa dola milioni 475. Miezi minne ya Nicely, kutoka Juni hadi Oktoba, haikupotea bure: asingewamaliza washukiwa wengine wote kwanza, hakuna ambaye angemsikiliza.

Njia yake ni ile ile inayotumika leo kwenye meza ya fundi, kwa lugha nyepesi zaidi. Kompyuta mpya inawaka, feni zinazunguka, kioo cheusi. Fundi hajadili. Anatoa ubao mama ndani ya kasha na kuulaza juu ya boksi la karatasi ulilojia, kwa sababu kijiguu kimoja cha shaba kilichozidi chini yake kinatosha kupiga shoti. Anaacha prosesa na feni yake, RAM moja na pawa saplai. Hana swichi ya kuwashia, kwa hiyo anagusanisha pini mbili kwa ncha ya bisibisi. Ikikataa, anachomoa RAM, anasugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha mwanafunzi, anapuliza, anairudisha mpaka usikike mlio wa ndoano pande zote mbili. Ikiwaka, anarudisha kimoja kimoja. Kile kitakachoizima ndicho mwizi.

Siku hizi mbao nyingi zina vitaa vinne ukingoni, cha prosesa, cha RAM, cha picha na cha diski, na kinachobaki kinawaka ndicho kinacholalamika. Ungedhani kazi imekwisha. Lakini Februari 2018 AMD ilitoa prosesa mpya za Ryzen zilizoingia sawasawa kwenye mbao zilizokuwa tayari madukani, ila BIOS ya mbao hizo ilikuwa ya zamani na haikuzitambua. Kusasisha BIOS kulitaka mashine iwake. Mashine haiwaki bila BIOS mpya. AMD ikaanza kuwaazima wateja prosesa ya aina ya zamani kwa posta, waiweke, wasasishe, waivue, wairudishe. Na zilipokuja RAM za DDR5, baadhi ya mashine mpya zikawa zinakaa kimya dakika kadhaa mara ya kwanza zinapowashwa, zikipima kumbukumbu yao, na mwenye nazo, ambaye hakusoma mwongozo, akazima umeme katikati na kuanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Oktoba 2022 Nvidia ilianza kuuza kadi ya picha ya RTX 4090, inayovuta umeme mwingi kupitia plagi ndogo ya pini 16. Wiki chache baadaye picha za plagi zilizoyeyuka zikawa zimeenea. Nvidia ilieleza mwezi Novemba kwamba kesi inazozijua zilikuwa kama 50, na kwamba tatizo lililojirudia lilikuwa plagi kutosukumwa mpaka mwisho. Mwaka uliofuata plagi hiyo ikarekebishwa: pini ndogo za kutambua zikafupishwa, ili plagi isiyozama yote isiruhusu kadi kuvuta umeme. MSI nayo ikapaka rangi ya njano ncha za plagi zake. Ukichomeka, ukainama kutazama, ukaona njano, bado haijaingia.